Kitambaa Kilichozima Kompyuta

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, Febronia alipewa nafasi yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Ilikuwa kompyuta ya mezani, kuukuu lakini nzima, na mtaani kwao Ushirombo hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Kwa kuwa malori ya kwenda machimboni hayakuacha kutimua vumbi, mama yake alifunika kioo chake na sanduku lake kwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kama alivyofunika redio, makochi na hata chupa ya chai. Kwa mama huyo, kitu kilichokaa sebuleni bila kitambaa kilikuwa uchi.

Mambo yaliharibika alipokuja Loveness, binti wa baba yake mkubwa, kutoka Nkome. Walikuwa karibu rika moja, lakini mgeni alikuwa na vidole vyepesi vya kuchapa. Katekista alipotafuta mtu wa kuchapa nyimbo za kwaya ya watoto kwa ajili ya sikukuu ya parokia, Baba Febronia alimtaja Loveness bila hata kufikiri. Febronia alisikia akiwa jikoni, na wivu ukamjaa mpaka akashindwa kula ugali. Kompyuta ya kwao, baba wa kwake, halafu sifa ziende kwa mgeni!

Basi Loveness akaanza kuchapa. Haukupita muda, kompyuta ikazimika ghafla, na nyimbo alizokuwa hajahifadhi zikapotea. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Baba alikagua nyaya, akabadilisha soketi, akatafuta virusi, wapi! Fundi Amosi aliichukua dukani kwake, ikafanya kazi kutwa nzima bila tatizo. Iliporudi nyumbani Febronia akaitumia, ikatulia. Akakaa Loveness, ikazimika. Wazazi wakaamini kwamba mgeni anabonyeza asichokijua.

Febronia alijua ukweli. Siku moja alikuwa ameligusa sanduku akakuta linaunguza, kwa sababu kitambaa kiliziba matundu ya nyuma, mahali feni inapotolea joto. Ndiyo maana yeye alivitoa vitambaa vyote, kisha akavirudisha kabla mama hajaona. Loveness, kwa adabu za ugeni, alifunua kioo tu. Hakuthubutu kuvuruga mapambo ya mama mdogo. Febronia angeweza kumwambia. Hakumwambia. Kila kompyuta ilipozimika alifurahi moyoni, ingawa furaha yenyewe ilikuwa chungu.

Jumamosi, kompyuta ilipozimika tena, Baba aliwaita wote sebuleni. Alisema nyimbo zinatakiwa kanisani kesho yake, na kuanzia siku hiyo Loveness asiiguse tena kompyuta. Loveness aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, lakini hakubisha.

"Baba mdogo, mpe Febronia achape," alisema. "Yeye anaiweza. Kwake haijazimika hata siku moja."

Hizo ndizo sifa ambazo Febronia alikuwa akizitamani tangu mgeni afike. Sasa zilipokuja, zilimchoma. Aliinuka, akamwomba baba yake aguse nyuma ya sanduku, pale chini ya kitambaa. Baba aliurudisha mkono haraka.

"Linakosa hewa, ndiyo maana linajizima," Febronia alisema. "Si kosa la Loveness. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza kwa sababu namwonea wivu."

Mama alikichukua kitambaa chake, akaenda kukitandika juu ya meza ya chakula. Baba hakufoka. Kwanza alimwomba Loveness radhi, yeye mtu mzima, kwa kumhukumu bila kuwa na hakika. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ng'wanawane, mwanangu, wivu humpata kila mtu," alisema. "Lakini ukijua ukweli ukanyamaza huku mwenzako anasingiziwa, umesema uongo bila kufungua mdomo. Umefanya vizuri kusema leo. Ungefanya vizuri zaidi kusema siku ya kwanza. Haya, kaeni pamoja mmalize kazi."

Walipuliza vumbi, wakaliacha sanduku lipoe. Febronia alisoma maneno ya nyimbo, Loveness akachapa, na kila ubeti ulipokwisha wakahifadhi.

Kesho yake katekista alimsifu Loveness mbele ya kwaya nzima, na wivu ukamgusa Febronia tena. Safari hii hakuusikiliza. Alikuwa wa kwanza kupiga makofi.