Tochi Iliyosuguliwa kwa Jivu

Kila asubuhi, kabla king'ora cha bohari ya mafuta hakijalia, Nyevu alikuwa amekwisha kusugua sufuria zote za mama yake. Alichota jivu jikoni, akalichanganya na mchanga laini, akashika kumbi la nazi na kusugua mpaka akajiona uso. Katika nyumba zile za wafanyakazi pale Changamwe hakukuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeng'arisha sufuria kama yeye, na mwenyewe alilijua hilo.

Baba yake, Gershom Kalama, alikuwa mkaguzi wa mapipa. Ulikuwa mwaka wa 1943, vita vikiendelea, na mapipa matupu ya petroli yalirudi boharini kwa mamia ili yaoshwe na kujazwa tena. Kabla pipa halijajazwa, Gershom aliinama juu ya tundu lake, akamulika ndani kwa tochi ndogo, akatazama kama kuna maji, kutu au takataka. Kiberiti au taa ya utambi havikuruhusiwa hata karibu na lango, kwa kuwa mvuke wa petroli ungelipuka. Tochi ile, fupi kama kidole cha kati, ndiyo iliyokuwa mkate wa nyumba nzima.

Lakini Gershom hakuitunza vizuri. Aliitia mfukoni pamoja na funguo na kisu kidogo, na jioni aliitoa imejaa michirizi na mafuta meusi.

Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, Gershom alilala kidogo. Nyevu aliiona tochi juu ya meza, chafu kama kijiko kilichookotwa njiani. Aliona haya kwa niaba yake. Akaichukua mpaka uani, akaifungua kichwa, akatoa kioo chake kidogo na kile kibakuli cha ndani chenye rangi ya fedha. Kisha akafanya alichokijua. Alisugua kwa jivu na mchanga.

Mwanasaumu, rafiki yake wa nyumba ya tatu, alikuja na ndoo ili waende bombani. Akasimama akimtazama.

"Nyevu, hiyo sufuria mbona haina mkono?"

"Ni tochi ya baba. Naitia nuru."

"Wallahi, ukimaliza uikaangie na vitunguu."

Walicheka. Lakini Nyevu alipokiosha kioo kwa maji, kicheko kilimkauka. Kioo kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Kile kibakuli cha fedha kilibaki na mabaka, rangi yake imetoka na kushika kwenye kumbi. Alipangusa kwa kanga, akapuliza, akapangusa tena. Kilichokwaruzika hakirudi kwa kupanguswa. Alirudisha kila kitu mahali pake, akaiweka tochi mezani.

"Sema," Mwanasaumu alinong'ona.

"Inawaka. Wewe huioni inawaka?"

Gershom alipoamka aliiona tochi inang'aa nje kama mpya. Akatabasamu, akambusu binti yake kichwani. Busu lile lilimchoma Nyevu, akachukua ndoo na kutoka.

Jumatatu jioni Gershom alirudi kutoka boharini. Alikaa kizingitini akifikicha macho.

"Baba Nyevu, una nini?" Dorcas, mkewe, alimuuliza.

"Ndani ya pipa naona ukungu. Pipa la kwanza, la pili, yote. Nadhani ni uchovu."

Akaitoa tochi, akaiwasha kiganjani. Ilikuwa na mawe mapya ya betri na iliwaka. Akamgeukia binti yake.

"Nyevu."

"Abee, baba."

"Tochi hii ilianguka jana?"

"La, baba. Haikuanguka."

Ilikuwa kweli, haikuanguka. Nyevu aliishika kweli hiyo kama mtu anayeshika kamba iliyooza, akijua itakatika.

"Basi ni macho," Gershom alisema taratibu.

Dorcas aliacha kupepeta mchele. Wote wawili walikuwa wakimfikiria mtu mmoja, baba yake Gershom kule Kaloleni. Alianza kwa kuona ukungu akiwa na umri kama huo wa mwanawe, na miaka miwili baadaye alikuwa akiongozwa kwa fimbo hata kwenda chooni.

Jumanne Gershom alikagua nusu tu ya mapipa aliyozoea kukagua. Jumatano pipa moja alilolipitisha lilikutwa na maji chini. Nyapara, Bwana Wafula, alimwonya mbele ya wenzake, naye hakujitetea wala kumwambia mtu pale habari ya macho yake. Aliona haya kuitwa kipofu kazini.

Jioni hiyo jirani mmoja, ambaye Dorcas alimweleza kwa siri, alimpa majani machungu ya kutwanga, dawa ya macho. Gershom alilala chali mkekani, Dorcas akamkamulia maji ya majani yale machoni. Mwanamume yule, aliyekuwa akiinua pipa peke yake, alikunja ngumi na kupiga visigino sakafuni kwa uchungu. Machozi mekundu yalimtiririka mpaka masikioni.

"Tena," alisema. "Tia tena. Labda yatasafika."

Nyevu alikimbilia uani, akakaa nyuma ya tangi la maji, kanga mdomoni. Kila tone lililoingia katika macho yale alikuwa amelitia yeye. Alijua yampasa aingie ndani aseme. Hakuingia.

Alhamisi macho ya Gershom yalivimba, na sasa ukungu ulikuwapo kweli, ndani ya pipa na nje yake. Alipokula hakuitambua mboga mpaka alipoionja. Baada ya chakula aliwaita wote.

"Kesho nakwenda kuirudisha tochi," alisema. "Naiacha kazi."

Dorcas alishika kichwa. "Tutakula nini? Nyumba hii ni ya kazi. Ukiacha kazi, tunatoka."

"Mama Nyevu, nikipitisha pipa lenye maji, lori litazimika njiani, na dereva wake ana watoto kama mimi. Siwezi kula mshahara wa macho nisiyokuwa nayo. Tutarudi Kaloleni. Wewe utalima." Kisha akaunyosha mkono gizani mwa macho yake mpaka akaupata wa binti yake. "Na Nyevu ataacha shule. Mimi nilimwongoza baba yangu. Wewe utaniongoza mimi, mwanangu."

Nyevu alifungua kinywa. Mama yake alidhani ni huzuni ya shule, akamkumbatia, na kumbatio lile likaizika kabisa ile kauli iliyokuwa imefika kooni.

Ijumaa asubuhi hakusugua sufuria hata moja. Baba yake alikwisha kuondoka, akipapasa kuta za nyumba za watu. Bombani Mwanasaumu alimshika mkono.

"Ni kweli baba yako anapofuka?"

Nyevu aliiinua ndoo yake.

"Ni ile tochi, sivyo? Na wewe umenyamaza, na wanamtia majani machoni? Nyevu, majani yale yatampofua kweli."

Ndoo ya Nyevu ilianguka. Alikimbia, miguu mitupu, kandokando ya barabara ya malori ya jeshi, vumbi likimziba pumzi. Alifika kwenye lango la bohari akihema. Askari alinyosha rungu.

"Watoto hawaingii hapa."

"Sitaki kuingia, bwana. Mwite Bwana Wafula. Mwambie baba yangu si kipofu. Tafadhali, mwambie sasa."

Sauti yake ilikuwa na kitu kilichomfanya askari asicheke. Na wala haikuwa lazima aite, kwa kuwa hatua chache ndani ya lango Gershom alikuwa amesimama mbele ya Bwana Wafula, tochi mkononi, akimkabidhi. Wote wawili waligeuka.

"Nyevu? Kuna nini nyumbani?"

Alipiga magoti palepale kwenye changarawe.

"Ni mimi, baba. Niliisugua tochi kwa jivu na mchanga. Kioo na ile fedha ya ndani, vyote. Uliniuliza kama ilianguka, nikasema haikuanguka. Nilikuwa nakuficha."

Bwana Wafula, mtu wa bara mwenye mwili mkubwa, aliichukua tochi, akaifungua, akakiinua kioo juu ya kidole.

"Hii umesugua ama umekula?" aliuliza. Akatoa tochi yake mwenyewe mfukoni. "Gershom, osha uso kwanza, hayo majani yatoke. Halafu kuja uangalie hapa."

Gershom alinawa kwa maji ya debe, mara nyingi. Akaipokea tochi ya Bwana Wafula, akainama juu ya pipa lililokuwa karibu. Alimulika kulia, akamulika kushoto, akarudia tena.

"Macho yananiwasha," alisema hatimaye, sauti ikitoka kama inatoka pipani. "Lakini naona kutu. Upande wa kushoto. Ukubwa wa ukucha."

Bwana Wafula alichungulia. "Iko."

Gershom aliketi juu ya pipa jingine akafunika uso. Mabega yalimtikisika. Nyevu alingoja kofi. Lilikuwa haki yake.

Bwana Wafula aliingia ofisini akatoka na tochi kuukuu. "Hii mawe ilivujia ndani, ikala shaba yote. Niliyaacha mle miezi mingi, kosa yangu. Lakini kioo na bakuli ni nzima. Chukua. Na kesho asubuhi upite kwa mganga wa hospitali akuangalie macho. Majani wacha."

Kabla ya saa sita kioo na bakuli vya tochi ile kuukuu vilikuwa vimetiwa katika tochi ya Gershom, naye akakagua upya kila pipa alilolipitisha tangu Jumatatu lililokuwa bado boharini.

Jioni Dorcas aliyamwaga maji ya majani shimoni. Gershom alikata kipande cha flana kutoka shati lake kuukuu, akampa Nyevu na sindano.

"Shona kifuko. Kikaze mdomo kwa kamba nivae shingoni. Mfukoni niliichanganya na funguo, na hilo ni kosa langu mimi. Nje itapanguswa kwa kitambaa kikavu. Kioo kipulizwe tu, na ile fedha ya ndani isiguswe hata kwa kidole. Jumamosi mawe yanatolewa, yasije yakavuja."

"Ndiyo, baba." Alishona mishono miwili, kisha akasimama. "Utanipiga lini?"

Gershom aliinua macho yake, bado mekundu.

"Kioo kilipatikana kingine, Nyevu. Macho haya yangekufa, ungenitafutia wapi mengine? Kusugua kwako kulikuwa kutojua, na kwa kutojua sikupigi. Lakini siku tano nimeishi kipofu, na neno la kunifungua lilikuwa mdomoni mwako. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku ileile, hata kama unatetemeka. Kitu kina fundi wake. Ukimya wako ndio usio na fundi."

Akakitwaa kifuko kilichokuwa hakijaisha, akakipima kwa tochi, akamrudishia.

"Kinabana upande huu. Fumua uanze tena."