Aliyegoma Kuvua Kofia

Mvua ilimsukuma mwanamume asiyejulikana hadi ndani ya kibanda cha Hosiana, sokoni Morogoro, akakanyaga fungu la karoti. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongo mzima, na kofia nyeusi ilimfika nyusini.

"Umezikanyaga, umezinunua," Hosiana alimwambia.

"Na muuzaji je?"

"Huyo hauzwi kwa fungu."

Aliitwa Athanas, mwalimu wa sekondari. Kwa miezi minane alimpigia Hosiana simu kila jioni, akimwita mama karoti. Lakini walipokwenda kwao Hosiana, Matombo, Athanas alikataa kuingia kanisani, akabaki nje misa nzima. Kanisani mwanamume huvua kofia, ila hilo halikumjia Hosiana. Aliamini mwenzake ana mke wa ndoa na anaogopa padri asimtambue. Akazima simu wiki mbili.

Athanas alimfuata kibandani, akashusha turubai, akavua kofia.

Hosiana alishika meza. Juu ya paji nywele zilisimama kwa vishungi vilivyoachana, kama brashi ya viatu, na katikati makovu matupu. Athanas alieleza kwamba ujanani alipandikizwa nywele ng'ambo kwa njia ya kizamani, nywele nyingi shimo moja. Sasa daktari wa Dar es Salaam angevitoa vile vishungi, avigawe, na kuzirudisha nywele mojamoja, zikilala kama zinavyoota. Upasuaji mara mbili, na mwaka mzima wa kusubiri.

"Nilidhani una mke."

"Kwa kichwa hiki, nani angenikubali?"

"Mimi," alisema Hosiana.

Athanas akaahidi kwamba siku ya kujitambulisha kwa wajomba ataingia bila kofia.

Walipanga iwe mwakani. Lakini mjomba Agustino, ambaye bila neno lake hakuna ndoa, aliugua, akawaita mapema. Ikaangukia siku ya sita baada ya upasuaji wa kwanza.

"Ivae tu, mpenzi," Hosiana alimsihi kwenye simu. "Nitatafuta la kuwaambia."

"Usianze kuwadanganya kwa ajili yangu."

Athanas aliingia na suti ya kijivu, kichwa wazi: nusu kimenyolewa, nusu vishungi, vigaga vya damu mbele yote. Mama Hosiana alijifunika mdomo kwa khanga. Magreth, mdogo wa Hosiana, alitoka nje. Kikombe cha mjomba kiliishia njiani.

"Shikamoo, mjomba," Athanas alisema.

Hosiana alibeba kigoda chake, akaketi ubavuni mwa Athanas kabla mzee hajaitikia.