Karanga za Kwenye Debe

Kila jioni, akishatoka shule na kuvua sare, Loisi alianza kazi yake kwa kufunua vyungu. Alifunua kimoja baada ya kingine, akachungulia, akanusa, kisha akasimama mikono kiunoni katikati ya jiko akifikiri. Mama yake alikuwa Bahi kwa wiki ya pili sasa, akimuuguza bibi, na tangu aondoke hakuna aliyekwenda gengeni kununua chochote. Kilichokuwamo ndani ndicho kilichopikwa. Na mtu aliyetakiwa kujua kitageukaje kuwa chakula cha jioni alikuwa yeye, msichana wa darasa la sita.

Na aliweza! Siku moja alichemsha kunde na vipande vya boga mpaka vikawa rojo. Siku nyingine aliloweka majani makavu ya kunde, akayapika na maziwa ya mbuzi yaliyobaki asubuhi. Kulipokosekana kila kitu, mlenda haukukosekana: ule mkavu ambao mama aliutwanga tangu masika, maji ya moto, magadi kidogo na nyanya moja iliyosinyaa. Joel, mdogo wake wa miaka minne, alikomba sahani kwa vidole. Baba yao, Obedi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikula, akanawa, akasema, "Asante, mama," basi, na Loisi aliridhika.

Ndipo akaja shangazi Frida.

Shangazi Frida, dada yake baba, aliishi Dodoma mjini, Majengo, karibu kabisa na soko, mahali ambapo mtu akitamani bamia anatoka mlangoni na kuzinunua. Jumatatu alishuka kwenye bodaboda na begi lake, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani, akasema amekuja kuwasaidia watoto mpaka mama yao arudi. Msaada wenyewe ulikuwa wa kukaa kwenye kigoda na kutoa kasoro.

"Mlenda tena?" aliuliza Jumanne, akiinua mfuniko kwa ncha za vidole. "Jana mlenda, leo mlenda! Mlenda usio na karanga ni wa kumpa mgonjwa, mwanangu. Kwani nyumba hii hamna karanga? Kaka si amevuna?"

Loisi alikuwa amekata kuni, amechota maji, amesonga ugali, amemwogesha Joel, na bado hajagusa kazi ya hesabu aliyopewa shuleni. Jumatano alipika kunde kwa maziwa, na shangazi akasema kunde zinamjaza tumbo gesi.

Ni kweli, baba alikuwa amevuna. Ghalani kulikuwa na magunia matatu ya karanga nono, nyekundu, yameshonwa midomo kwa kamba, yakimsubiri mnunuzi kutoka Kibaigwa. Loisi alizijua karanga hizo moja moja, kwa sababu yeye na mama ndio waliozichambua wiki nzima mpaka vidole vikachubuka. Nzuri ziliingia kwenye gunia. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoota ukungu ziliingia kwenye debe, na debe likawekwa pembeni mwa jiko. Hizo ndizo karanga za nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, na ndivyo walivyofanya majirani wote. Nzuri zilikwenda kwa watu wasiowajua, mbovu zikabaki kwa waliozilima. Hakuna aliyeona ajabu.

Loisi naye hakuona ajabu, mpaka siku Mwalimu Ludovick alipowafundisha habari za sumukuvu. Mwalimu alisema ni sumu inayotokana na ukungu wa karanga na mahindi. Yenyewe haionekani kwa macho, lakini punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi ni ya kuogopwa. Haifi kwa kuoshwa wala kwa kukaangwa. Inadhuru ini, inadumaza watoto, na ikiingia mwilini kwa wingi inaua. "Msile," alisema mwalimu, "wala msiwape kuku." Siku hiyo Loisi alirudi nyumbani akamtazama Joel, mikono yake myembamba, akalitazama na lile debe, akachemka moyoni. Alimweleza mama. Mama akasema wataongea na baba. Kesho yake simu ikaja kutoka Bahi kwamba bibi anaumwa, na debe likabaki palepale.

Alhamisi, Loisi aliamua kwamba maneno ya shangazi sasa basi. Alimfuata baba, aliyekuwa uani akichonga mpini wa jembe, na shangazi kwenye kigoda chake pembeni.

"Baba, naomba bakuli moja la karanga kutoka kwenye gunia. Nitie kwenye mboga."

"Magunia yameshashonwa," baba alisema bila kuinua macho. "Gunia likishashonwa si letu tena. Karanga za nyumbani si zipo kwenye debe?"

"Zile zina ukungu, baba. Mwalimu Ludovick amesema zina sumu."

"Mimi nimezila tangu sijang'oka meno ya utoto. Unaniona nimekufa?"

Shangazi Frida akacheka. "Watoto wa siku hizi! Wakisoma mistari miwili wanataka kuwafundisha wazazi wao kula. Zioshe, uzikaange vizuri. Hakuna kinachoushinda moto."

"Sumukuvu haifi kwa moto, shangazi."

"Loisi!" Sasa baba aliinua macho. "Usibishane na shangazi yako. Nenda kapike."

Loisi aliingia jikoni kwa hasira. Amesema kweli, akaitwa mbishi! Amepika siku kumi bila senti ya genge, akaambiwa anapika chakula cha wagonjwa! Alilivuta lile debe, akamimina karanga kwenye ungo. Vumbi la kijani liliruka, na harufu yake ilikuwa kama ya gunia lililoloa likasahauliwa.

"Haya," alisema peke yake. "Mnataka karanga, mtakula karanga."

Alizikaanga, akazitia kwenye kinu, akazitwanga kwa nguvu ambayo haikuhitajika. Mlenda ulikuwa tayari jikoni. Kabla hajatia karanga, alichota mlenda mtupu kidogo, akauweka kwenye kisufuria na kuufunika. Huo ulikuwa wake na wa Joel. Kisha akamimina unga wa karanga kwenye sufuria kubwa, akakoroga.

Jua lilikuwa halijazama walipokaa mkekani. Shangazi alifunua sufuria, na uso wake ukachanua kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Ee! Leo ndiyo umepika, mwanangu. Harufu yenyewe tu inashibisha."

Hapo ndipo Loisi alipopaswa kusema. Hakusema. Sifa zilikuwa tamu kuliko alivyodhani, na moyoni mwake kulikuwa na sauti kavu iliyouliza: si waliambiwa wenyewe?

Baba aliinamisha kichwa akaomba. "Bwana, ubariki chakula hiki, na mikono iliyokiandaa." Loisi aliitazama mikono yake. Ilinuka karanga.

Baba alikata tonge, akalichovya. Lakini Joel alikuwa ameshaona kwamba bakuli lake halifanani na la wakubwa.

"Na mimi nataka yenye karanga!"

"Haya, baba, achama," baba alisema kwa upole, akampelekea mwanawe tonge mdomoni.

"Asile!" Loisi aliruka akaupiga mkono wa baba yake. Tonge lilianguka mavumbini. Joel akaangua kilio.

"Una wazimu?" baba alifoka.

"Ni karanga za kwenye debe!"

"Najua ni za kwenye debe. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Joel nimempakulia yake mbali," Loisi alisema, na sauti ikaanza kukatika. "Na yangu pia."

Shangazi Frida, aliyekuwa na tonge lake karibu na mdomo, alilirudisha taratibu kwenye sahani.

"Subiri kwanza," baba alisema. Hakufoka tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe unaamini kweli kwamba zina sumu?"

"Naamini, baba."

"Na sisi ungetuacha tule?"

Loisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yalimtoka, lakini hasira nayo ilikuwa haijaisha, na vyote viwili vilitoka pamoja.

"Nimekosa, baba. Nilikasirika, nimekosa sana. Lakini ninyi mnatulisha hizo kila mwaka! Tunalima wote, tunapalilia wote, tunachambua mpaka tunatoka damu vidoleni. Halafu nzuri zinaondoka, mbovu anakula Joel! Kwa nini ale nzuri mtu asiyetujua hata majina?"

Hakuna mtoto aliyewahi kusema hivyo katika ua ule. Baba aliinuka. Loisi alifumba macho akisubiri kofi.

Kofi halikuja. Baba alikwenda jikoni, akarudi na debe, akamimina karanga zilizobaki kwenye ungo pale palipokuwa bado na mwanga. Aliokota moja akaipasua. Ndani ilikuwa na unga wa kijani. Akapasua ya pili, na ya tatu.

"Hizi nikimpelekea mnunuzi wa Kibaigwa atanifukuza," alisema polepole. "Atasema nimemtukana." Alimtazama Joel, ambaye bado alikuwa na kwikwi za kilio. "Na mimi ndizo ninazowapa wanangu."

Aliweka ungo chini, akachukua kisu, akaingia ghalani. Walisikia kamba ya gunia ikikatwa. Alipotoka alikuwa na bakuli limejaa mpaka juu karanga nono, nyekundu.

"Frida," alimwambia dada yake, "kaanga hizi."

Shangazi aliinuka akalipokea bakuli. Baba naye alichukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, akachimba shimo refu na kufukia karanga zote mbovu pamoja na mlenda wa sufuria kubwa. Kuku wawili waliosogea kuchungulia aliwafukuza kwa mawe.

Chakula sasa kilikuwa wapi? Loisi alifuta machozi, akafanya alichokuwa akikifanya kila jioni: akafunua vyungu. Ugali ulikuwa bado wa moto. Kulikuwa na mlenda wa kisufuria, na ndani ya kibuyu, chini kabisa, konzi ya mwisho ya mlenda mkavu. Aliongeza maji na magadi, akakoroga. Shangazi alisugua kinu kwa maji ya moto, akatwanga karanga, jasho likimtiririka, akaja kuzimimina mwenyewe.

"Nimekaa hapa siku nne nasema karanga, karanga," alisema akiwa ameinamia sufuria. "Kumbe mtoto anatulisha kwa kukomba vyungu. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia kesho jiko hili ni letu wawili."

Walipokaa tena mkekani, Loisi ndiye aliyepewa tonge la kwanza. Baba alisubiri mpaka alipolimeza.

"Sikiliza, Loisi," alisema. "Kesho nitakwenda kwa mwalimu wako nimsikilize mwenyewe, maana nilimdharau kabla sijamsikia. Kosa hilo ni langu, na nitawaambia majirani pia. Lakini lako nalo si dogo. Uliijua hatari, ukaipakua. Ulikuwa na haki, halafu hasira ikakunyang'anya. Ukiona jambo baya, lipinge, hata kama ni mimi ninayelifanya. Ukikataliwa, lipinge tena. Lakini chakula ambacho wewe mwenyewe huthubutu kukila, usimpakulie mwenzako, hata kama amekuudhi namna gani."

"Nimesikia, baba."

"Na mimi nimesikia. Mwaka ujao bakuli la nyumbani litajazwa kabla gunia halijashonwa."

Joel alisukuma bakuli lake tupu katikati ya mkeka akitaka kuongezwa. Baba alimwongeza, akanawa, kisha akachukua sindano na kamba akaenda kulishona tena lile gunia. Lilikuwa limelegea upande mmoja.

"Na mnunuzi akiuliza kwa nini limepungua?" shangazi Frida alimwuliza.

"Nitamwambia," alijibu baba, akiivuta kamba, "zimeliwa na wenyewe."