Kioo cha Rubani cha Rangi ya Moshi

Rangi ilishika kioo kizima isipokuwa mahali pamoja. Abdifatah alikiinua kutoka kwenye sufuria kwa waya, akakikung'uta maji, akakielekeza dirishani. Kilikuwa na weusi mwepesi, rangi ya moshi, kama mteja alivyoagiza. Ila upande wa ndani palibaki doa angavu, mviringo, ukubwa wa kidole gumba cha mtoto, kama pale mtu anapopangusa dirisha ili achungulie nje.

Alikitazama kidogo, kisha akakirudisha majini.

Abdifatah alikuwa fundi wa ndege ndogo za mfano, zile za kuweka mezani au kuning'iniza darini. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mkewe, Ilhan, hapo Majengo mjini Meru. Mabawa aliyachonga kwa mbao laini, viti akavikata kwa kadibodi, na kile kifuniko cha plastiki kinachomkinga rubani na upepo, yeye alikiita kioo. Kukitia rangi kulitaka subira. Maji yawe ya moto lakini yasichemke, maana yakichemka plastiki hujikunja. Rangi nyeusi ya nguo aliichukua kwenye rafu ya Ilhan, akaongeza kijiko cha siki na tone la sabuni ya vyombo ili rangi isishike madoadoa. Unakining'iniza kioo kwa waya, unahesabu dakika, unakitoa, unakitazama. Ukitaka kiwe cheusi zaidi, unarudia.

Ndege hii ilikuwa ya Mzee Kaimenyi, aliyewahi kuwa fundi wa ndege jeshini kabla ya kurudi kwao Kanja kulima kahawa.

"Kioo kiwe cha moshi, bwana," mzee alikuwa amesema. "Na usiweke mtu ndani. Kiti kikae tu hivyo."

Mara ya pili doa lilirudi palepale. Mara ya tatu vilevile. Mtu mwingine angeshtuka. Abdifatah hakushtuka, kwa kuwa tangu Faiza afariki, miezi kumi na moja sasa, hakuna kitu kilichomshtua wala kumchekesha. Alikuwa binti yao wa pekee, miaka minane. Homa ya siku nne, basi. Msibani watu walimwona akipanga viti na kuwamiminia wageni chai bila chozi, wakasema huyu ana imani. Haikuwa imani. Kifuani palikuwa kimya tu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Jina la mtoto halikuwa limetoka kinywani mwake tangu siku ile, na Ilhan, ambaye zamani alimwita Baba Faiza, siku hizi alimwita Abdi.

Akakibandika kioo juu ya ndege hivyo hivyo, na doa lake.

Kesho yake ikaja harufu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, wakati hata watu wa bodaboda hulala juu ya pikipiki zao. Chumba kilinuka udi uliolowa maji na nywele zilizoungua. Abdifatah alinusa sufuria, akanusa mikono yake. Ndipo akasikia: ti, ti, ti. Ukucha ukigonga plastiki. Aliinamia ndege. Juu ya kile kiti kitupu cha kadibodi, ndani ya kioo, mvuke wa pumzi ulitanda, ukafifia, ukatanda tena.

"Aabo."

Ndivyo Faiza alivyokuwa akimwita, kwa Kisomali cha nyumbani.

"Aabo, mwanga unaniumiza. Ongeza giza."

Sauti ilikuwa ya Faiza, lakini haikuvuta pumzi kati ya neno na neno, wala haikuwa na kile kicheko kidogo ambacho mtoto yule hakuweza kukificha hata akiwa mgonjwa. Abdifatah aliyaona hayo yote, akayaacha yapite. Akakibandua kioo, akawasha jiko, akakitumbukiza.

Waya ulikatika. Kioo kikazama. Akaingiza mkono kukitafuta, akawa anapapasa chini ya sufuria polepole, na alikuwa bado anapapasa Ilhan alipoingia na chai. Mwanamke aliona maji yakitokota, yakirusha mapovu meusi hadi kwenye kiwiko cha mumewe.

"Abdi! Mkono! Toa mkono!"

Aliutoa. Kioo kilikuwa kiganjani, hakijajikunja hata kidogo. Ngozi ndiyo iliyokuwa inaning'inia.

"Huumii?" Ilhan alinong'ona.

"Hapana. Ni ganzi tu."

"Tangu lini?"

Alifikiria kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Kitambo."

Ilhan alimfunga kitambaa safi na kumsihi twende hospitali, twende sasa hivi. Akasema kesho. Alisema kesho kwa upole, jinsi alivyosema kila kitu mwaka ule, na Ilhan, ambaye upole huo ulikuwa umemchosha kuliko matusi, akatoka kwenda kuswali.

Siku ya tatu alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Kioo kilikuwa cheusi tititi, lakini lile doa lilibaki angavu, na safari hii kulikuwa na kitu nyuma yake, kitu chenye unyevu, kilichomfuata Abdifatah kila aliposogea.

"Aabo, hapa padogo," sauti ikasema. "Nipe ile nyumba yenye madirisha mawili."

"Nyumba gani?"

"Ile unayotembea nayo. Hakuna anayekaa mle. Hata wewe hukai mle. Tia madirisha giza, nihamie."

Akaelewa. Na hili ndilo lililomtisha baadaye kila alipolikumbuka: kwamba alielewa na hakuogopa, kwamba alichukua mrija mdogo wa kudondoshea rangi kwa mkono wake mzima, akauvutia maji meusi yaliyokuwa bado yanafuka, akaketi kwenye kigoda, akainua uso kuelekea darini kwa utulivu wa mtu anayejitia dawa ya macho, huku ti, ti, ti ikienda mbio mezani na ile harufu ya nywele ikimjaa kooni, na akafumbua jicho la kushoto kwa vidole vilivyochubuka visivyohisi kope, akaliona tone likivimba kwenye ncha, likivimba, jeusi, likiwa na sura ndogo ndani yake inayomtazama, sura isiyo ya Faiza wala ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Ilhan, aliyekuwa ameingia kutoka dukani bila kusikika, aliupiga mkono ule kwa ubao wa kupimia vitambaa. Tone likaanguka shavuni.

Alimkalia magotini, akamshika mikono yote miwili kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akampigia simu Maalim Shueib, mwalimu wa madrasa aliyewahi kumfundisha Faiza kusoma. Maalim alifika na chupa ya maji na msahafu. Aliingia chumbani, akanusa.

"Amekuwa akiongea na nani?"

"Na mtoto wetu," Ilhan akasema.

"Si mtoto wenu, dada yangu. Aliyekufa harudi. Hili ni jini limeazima sauti tu."

Akaanza kisomo, kiganja juu ya kichwa cha Abdifatah. Jiko lililokuwa limezimwa likaanza kunguruma. Vitambaa vya dukani vikajikunjua vyenyewe kwenye rafu, kimoja baada ya kingine, bila upepo. Mdomo wa Abdifatah ukafunguka, na kilichotoka hakikujisumbua tena kuiga.

"Sikuvunja mlango, Maalim. Nilikuta wazi."

"Mwenyewe yupo. Toka."

"Muite, basi. Akiitika, natoka."

"Abdifatah!" Maalim akaita. Kimya. "Abdifatah mwana wa Billow!" Kimya. Mara ya tatu sauti ya mwalimu ilikatika, jasho likamdondoka kwenye kurasa, akamgeukia Ilhan, na Ilhan akaona kwamba mzee huyu ameogopa.

Ndipo Ilhan aliposhika uso wa mumewe.

"Baba Faiza," akasema. "Nimemlilia mtoto peke yangu miezi kumi na moja. Nimefua nguo zake peke yangu. Kaburini nakwenda peke yangu. Wewe unaniambia kesho. Mtaje. Mtaje mtoto wako, hata mara moja, ama uende na hilo jini lako, niwe mjane kabisa nijue moja."

Machozi yake yalimwangukia Abdifatah usoni. Midomo ya mwanamume ikatikisika. Mwanzo ilitoka hewa tu.

"Fa..." akasema. Halafu: "Faiza."

Maumivu yakaja yote pamoja. Yalianza vidoleni, yakapanda kiwikoni, yakaingia kifuani na kukuta pa kukaa, na Abdifatah akapiga yowe lililowatoa watu madukani hadi barabarani. Alililia mkono. Alimlilia mtoto. Hakujua kipi ni kipi. Mezani kioo kilipasuka vipande viwili, jiko likanyamaza, na chumba kikanuka siki na sabuni, basi.

Ilhan alimpeleka hospitali kwa tuktuk, akilia njia nzima kwa sauti bila haya. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Igoki. Alifungua kitambaa, akautazama mkono, akafyonza.

"Hii ni ya lini?"

"Jana," Ilhan akajibu.

"Jana! Na mlikuwa mnangoja nini? Haya, ngozi iliyokufa lazima itoke. Nitakudunga sindano ya ganzi kwanza, baba, usisikie maumivu." Akainua sindano, akaigonga kwa ukucha kutoa hewa. Ti, ti.

Abdifatah aliuvuta mkono wake mbali.

"Ganzi hapana," akasema.

"Utaumia sana, nakuambia."

"Najua." Alitafuta mkono wa mkewe kwa mkono wake mzima, akaushika. "Safisha hivyo hivyo, dada. Tafadhali. Usinitie ganzi."

Igoki alimtazama Ilhan. Ilhan akatikisa kichwa kukubali. Basi muuguzi akaweka sindano kando, akachukua kibano na pamba, akaanza.