Shamba Lenye Machifu Wawili

Elena alizoea kuongea na jembe lake. Hakuwa mwendawazimu. Hakuwa tu na mtu mwingine shambani wa kuongea naye toka asubuhi hadi jioni. "Leo tumalize mihogo," huliambia, kisha hulima.

Alitoka Sudani mwaka 1969, akikimbia vita. Mumewe, Marino, alimwambia, "Ningoje kwenye kijito, kaskazini ya Koboko. Nitakuja." Sasa ulikuwa mwaka 1971. Marino alikuwa hajaja, na Elena hakuthubutu kuondoka pale. Upweke ulimtesa kuliko njaa.

Shamba lenyewe lilikuwa na vituko. Uganda ilisema mpaka uko ng'ambo ya kijito. Sudani ilisema mpaka uko huku, barabarani. Shamba la Elena lilikuwa katikati. Wiki hii chifu wa Uganda alimwamuru afyeke njia. Wiki iliyofuata chifu wa Sudani alimwamuru afyeke njia ileile. Kwa kumfyekesha, wote walikuwa mabwana. Kwa kumsaidia, hakuna aliyemjua.

Siku ya soko alikwenda Koboko kwa rafiki yake Rehemah, Mnubi aliyeuza chumvi na sabuni.

"Dada, umesikia?" Rehemah aliuliza. "Askari nasema mutu wa Sudani kama hana kadi ya mkimbizi, narudishwa kwao. Wewe iko na kadi?"

"Mimi hapana mkimbizi," Elena alijibu kwa ukali. "Mkimbizi ni mutu nakimbia kesi. Mimi sikuiba kitu ya mutu. Karani wa kuandika wakimbizi aliniuliza, nikamwambia nimekuja kwa wajomba zangu."

Ni kweli, mama yake alizaliwa Dranya, upande wa Uganda. Kabila lao, Wakakwa, wako Uganda, na wako Sudani. Basi karani akaandika "mwenyeji", akafunga kitabu. Heshima ya Elena ilikuwa imemponza.

Rehemah alifunga duka. Wakapanda gari pamoja hadi Arua, kwa Bwana Dramadri, aliyeshughulikia wakimbizi. Dramadri alimsikiliza Elena bila kumkatiza.

"Mama, mkimbizi si mwizi," alisema. "Ni mutu alikimbia kuokoa roho yake. Nchi za Afrika walikaa Addis Ababa, wakaandika mkataba. Mkataba ni ahadi ya nchi na nchi. Unasema, mutu kama huyu asirudishwe mahali roho yake iko hatarini."

"Basi mimi iko salama."

"Bado. Ahadi inataka mutu wa kuitimiza. Pale kwako nchi mbili nabishana. Askari wakikushika pale, chifu mmoja atasema, 'Huyu hajavuka mpaka, si mkimbizi.' Mwingine atasema, 'Si mutu wangu.' Haki yako haipotei, lakini nani ataisimamia? Hata mkataba nasema mkimbizi akae mbali na mpaka. Hamia Pajulu, hapa karibu. Huko hakuna anayebisha kama ni Uganda."

Machozi yalimtoka Elena. "Na Marino akikuja?"

"Akikuja, atamkuta nani kama wewe umechukuliwa?"

"Duka yangu iko njiani," Rehemah alisema. "Kila mutu wa kijito napita kwangu. Mimi nitamwelekeza."

Elena alifuta machozi.

"Andika," alisema. "Elena, mkimbizi."

Jirani yake wa kijitoni, Nora, aliyekimbia naye na asiye na kadi, alikataa kuhama. "Mihogo yangu karibu inakomaa," alisema. "Nitavuna kwanza." Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani angemlaumu mtu kwa kupenda mihogo yake?

Huko Pajulu Elena alipata kiwanja, mbegu za maharage na kadi. Lugha ya Walugbara, wenyeji wa huko, hakuijua. Walimsalimu vizuri, naye alitabasamu tu. Alipougua, hakuna aliyekuja kumwita kwa jina. Alikuwa na huzuni, nisikudanganye.

Miezi mitatu baadaye alirudi soko la Koboko kuuliza habari za Marino. Hazikuwapo. Barabarani lilisimama lori la askari, limejaa watu wa kijitoni. Nora alikuwemo.

"Kadi!" askari alimwambia Elena. Aliisoma, akamrudishia. "Wewe bakia."

"Elena!" Nora aliita kutoka juu. "Waambie!"

"Huyu pia ni mkimbizi, afande. Mimi namjua. Tulikimbia pamoja."

"Kadi yake iko wapi?"

Machifu wote wawili walikuwa wameshaulizwa. Kila mmoja alisema hao si watu wake. Lori likaondoka kuelekea Sudani.

Elena hakulia pale. Alipanda gari la kwanza la Arua, akaingia kwa Dramadri, akamtajia majina ya waliochukuliwa, saba, mmoja mmoja, ili watafutwe. Dramadri aliandika yote.

"Na wewe ni nani yao?" aliuliza, maana fomu ilidai.

"Jirani," Elena alisema. "Nimebaki mimi."