Seva ya Upanga

"Kunguru katua," redio ya Motorola ilinong'ona mfukoni mwa Rukaiya.

Maana yake, Kondo, muuza dawa bandia, kaingia msikitini, sala ya Ijumaa. Rukaiya alifunga vifungo vya ovaroli ya fundi simu, akagonga geti la ghala lake, Chang'ombe.

Mlinzi, Audax, alimtazama juu hadi chini. "Sista, siku hizi simu zinatengenezwa na warembo?"

"Na mageti yanalindwa na waropokaji. Fungua, braza."

Akacheka. Akafungua.

Ofisini, Rukaiya aliketi mbele ya kompyuta ya Compaq.

Hakuja kutengeneza simu.

Kaka yake, Anwar, alikufa kwa malaria huku akimeza vidonge vya Kondo. Chokaa tupu, ile ya kupaka kuta. Leo lori jingine la vidonge hivyo lilikuwa limefichwa mahali asipopajua, likingoja amri ya kwenda kwenye zahanati.

Amri hutoka kwa mkubwa wa Kondo, ng'ambo. Huandikwa kwenye hifadhidata ndani ya seva, kompyuta kuu iliyoko Dubai. Skripti, maagizo yanayoendesha ukurasa wa wavuti humu ofisini, huzifuata huko kwa laini ya simu.

Rukaiya aliifungua skripti. Jina la seva. Jina la mtumiaji. Neno la siri. Vyote uchi.

Akafuta jina la seva ya Dubai. Akaandika la seva ya Idara yake ya upelelezi, Upanga.

Akainua redio. "Mzee Ansbert, jedwali linaitwa amri. Neno la siri, dhahabu99."

"Nimeweka, na amri yetu ya uongo imo ndani," mkuu wake alijibu kutoka Upanga. "Jaribu."

Modemu ililia. Skrini ikajibu: muunganisho umekataliwa.

Nje, milango ya gari ilibamizwa.

"Mzee, seva yako inanifukuza!"

"Ngoja... sijairuhusu kupokea wageni wa nje. Haya, sasa."

Ukurasa ukafunguka. Rukaiya akaruka hadi kwenye simu ya ukutani, akaifungua matumbo.

Kondo aliingia na msaidizi wake, Marijani. Akasoma skrini. "Mzigo wote Boko, leo. Niusindikize mwenyewe."

"Bosi, tumpigie mkubwa tuhakikishe?"

"Mara ngapi nimekataza? Simu zina masikio! Skrini ikisema, imesema." Akamgeukia Rukaiya. "Na wewe, maliza utoke."

"Nishamaliza, mzee."

Boko, polisi waliliziba lori la Scania mbele na nyuma. Rukaiya alimshusha Kondo kwa ncha ya bastola ya Browning, polisi wakamtia pingu.

"Hai, Rukaiya," Ansbert alionya redioni. "Namtaka hai."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Akamwona Anwar, midomo imekauka, akiomba maji.

Akaishusha bastola. Akapasua katoni moja.

"Unasema ni dawa halali?"

"Halali kabisa, binti yangu. Wallahi. Nawauzia watoto wa watu, nitawadhuru?"

"Basi meza. Kimoja tu, mbele ya hawa maafande. Ukimeza, nakufungua pingu."

Kondo alikitazama kidonge. Akawatazama polisi. Jasho likamtiririka.

Akafumba mdomo.

"Meza!"

Akageuza uso.

"Maafande, mmeona," alisema Rukaiya. "Kaka yangu yeye alimeza vyote."

Alikiangusha kidonge vumbini, akakisaga kwa kisigino, akaondoka kuelekea barabara ya Bagamoyo bila kugeuka.