Waya Niliouficha Nyuma ya Viroba vya Pumba

Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kwedizinga, Handeni. Haya ninayoandika mume wangu hayajui.

Tuna mashine ya kusaga na kukoboa mahindi. Baba Zuhura anashinda shambani, mashine naiendesha mimi. Tulipoifunga alimleta mzee Mhina, fundi wa Kwamndolwa kule Korogwe. Mzee aliweka mein swichi kubwa ukutani, na pembeni yake kifaa kidogo kinachokata umeme ukianza kuvuja, kabla haujaua mtu. Alituagiza tusiweke kitu mbele ya swichi, na kila wiki tubonyeze kitufe cha kile kifaa. Mashine ikizimika, ujue kifaa ni kizima.

Kile kifaa kilinitesa jamani. Mahindi ya kukoboa lazima yatiwe maji kidogo ili ganda litoke, na pakilowa tu, kinakata. Wateja wakaninunia, wakahamia kwa jirani. Nilipaswa kumwita mzee Mhina. Badala yake nikamwita fundi mmoja wa kupita, akakiruka kwa kipande cha waya, akaunga dairekti. Kifaa kikabaki pambo. Waya nikauficha kwa viroba vya pumba, nikavipanga mpaka vikaziba na mein swichi.

Kila Jumatatu Baba Zuhura aliniuliza, "Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

Nilimdanganya mara ngapi? Hata sijui.

Asubuhi moja wateja walijaa, akaja kunisaidia. Alikuwa peku, sakafu imelowa. Akashika mashine ya kukoboa… akanyamaza. Nilidhani ananitania. Kisha nikayaona macho yake. Umeme ulikuwa umemnasa, na hakuna kilichokata.

Nikakimbilia swichi, sikuifikia. Viroba vyangu mwenyewe vilinizuia! Nikavipanda, vikaporomoka, nikaanguka navyo. Nikapanda tena huku nalia, pumba zimenijaa machoni. Nilipoizima, mume wangu alidondoka kama gunia.

Tulimkimbiza hospitali Korogwe. Alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa.

Tangu hapo anasema mzee Mhina alimfungia kifaa feki. Anamtangaza mpaka sokoni, na watu wameacha kumpa kazi yule mzee. Nami nimekaa kimya. Mimi ni mtu wa namna gani?

Wiki iliyopita mzee alikuja kutoa pole, akaomba kuiona mashine. Viroba nilikuwa nimeshavirudisha palepale. Akavisogeza, akauona waya, akanitazama. Kisha akavirudisha kabla mume wangu hajauona. Mbele ya mume wangu hakusema neno. Nilipomsindikiza ndipo akaniambia, "Mama Zuhura, mwambie wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi, nitakuvunjia nyumba."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Akiniacha, nitakwenda wapi? Na nisiposema, yule mzee atakula nini?

Ndugu zangu wenye mashine, kifaa hicho kikikata msikione adui. Mwiteni fundi atafute umeme unavujia wapi. Na mbele ya swichi pawe peupe, maana siku ya hatari hutapata muda wa kuhamisha viroba.

Leo Ijumaa, Baba Zuhura yuko msikitini. Nimewaandikia ninyi kwanza kwa sababu ninyi siwaogopi. Waya nimeuacha wazi ukutani. Akirudi nitampa karatasi hii aisome, nami nitakaa hapahapa mbele yake mpaka aimalize.